Bakshishi Niliyoifuta

Dada yangu alitaka kuona barafu kabla magoti yake hayajakataa kabisa. Amefanya kazi miaka kumi na tisa katika nyumba moja ya kutunzia wazee karibu na Stafford, pembeni ya Houston. Kazi yake ni kuwanyanyua watu, kuwageuza, kuwaogesha na kuwavalisha, na kazi hiyo imemharibia magoti yote mawili. Kwenye zamu yake palikuwa na bibi mmoja Mzungu aliyebandika ukutani picha za Alaska, alikowahi kwenda na marehemu mumewe. Kila asubuhi, dada akimvalisha soksi, bibi alimsimulia habari za mlima wa barafu unaomeguka na kuangukia baharini kwa kishindo cha mzinga. Bibi alipofariki, dada akanipigia simu DeSoto, karibu na Dallas, ninakokaa mimi, akaniambia hataki sherehe ya kutimiza miaka sitini. Anataka twende huko.

Nikamwambia tutakwenda. Mipango yote nikaichukua mimi, kwa sababu katika ukoo wetu mimi ndiye nisiyepoteza hata senti. Nafanya kazi kwenye ofisi ya daktari wa meno kule Carrollton. Kutwa nzima nafuatilia kampuni za bima zilipe zilichokataa kulipa. Nimezoea kusoma maandishi madogo ya chini ya ukurasa.

Pesa ilikuwa ya kubana kweli, sisemi uongo. Mwanangu alikuwa chuoni, na dada alikuwa amepunguziwa saa za kazi. Basi wakati wa mapumziko ya mchana nilikaa ndani ya gari nikitazama video za watu wanaofundisha kusafiri kwa bei ya chini. Nikajifunza kwamba tupande meli mwezi wa tano, kungali baridi na nauli haijapanda. Tuchukue chumba cha katikati kisicho na dirisha. Kwenye miji ya bandari tutembee kwa miguu yetu, tusinunue ziara yoyote. Makoti tuliyapata kwenye duka la mitumba. Mwezi wa nne hapa Texas hakuna anayegombania koti. Halafu mwanamke mmoja, katika video moja, akasema huku anatabasamu kwamba ile bakshishi ya wafanyakazi wa meli, inayokatwa kila siku kwa kila abiria, si ya lazima. Unakwenda mapokezi unaomba ifutwe. Nikaisimamisha video, nikairudisha nyuma, nikamsikiliza tena.

Dada sikumwambia. Alikuja Dallas kwa basi kutoka Houston, na begi moja na chupa ya chai aliyoiviringisha khanga. Ndani ya begi mlikuwa na majani ya chai, iliki, na tangawizi ya unga ambayo maafisa wa uwanja wa ndege waliifungua na kuinusa. Tukaruka hadi Seattle, na jioni hiyo tukawa ndani ya meli.

Chumba chetu kilikuwa kidogo hata mmoja akisimama mwingine ilibidi aketi. Nikaanza kumwomba radhi dada kwa kukosa dirisha. Akasema, "Humu nitalala tu, mdogo wangu. Kuona nitakwenda kuona nje." Akavua viatu, akajinyoosha, mara akalala. Mimi nikashuka mapokezi.

Binti aliyekuwa pale aliniuliza kwa adabu kama kuna huduma iliyotuudhi. Nikasema hapana, ila sisi kwetu ni mila kumpa mtu kitu mkononi. Nikaisingizia mila yetu. Akanipa karatasi, nikatia sahihi kwa niaba ya wote wawili, na shughuli yote haikuchukua dakika tatu. Dada alipoamka nikamwambia bakshishi imeshalipwa, imo ndani ya nauli, asije akaanza kugawa pesa. Nilisema hivyo kwa sababu namjua. Angegawa.

Asubuhi ya pili mlango wetu ulikuwa wazi, na dada alikuwa anamtumia rafiki yake wa Stafford ujumbe wa sauti, anamweleza jinsi meli isivyotikisika. Mhudumu wa chumba alisimama mlangoni na taulo mikononi akasubiri hadi amalize. Kisha akasema, "Shikamoo, mama."

Dada aliiachia simu ikaanguka kitandani. Mhudumu alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mtu wa Likoni, Mombasa. Sisi ni wa Tanga. Wakaanza kuulizana habari za huku na huko kama majirani waliotenganishwa na ua tu. Akanigeukia na mimi, akanisalimu, na mimi nikamjibu kwa Kiingereza. Dada alinitazama kwa mshangao. Nilijifanya kucheka, nikasema nimezoea kazini, nikarudi kwenye Kiswahili. Lakini sababu niliijua. Nilitaka abaki mhudumu tu, mtu wa beji na sare, asiwe mtu wa kwetu.

Hakubaki. Kuanzia siku hiyo alimwita dada mama, na mimi akaniita mama mdogo. Kila asubuhi aliichukua ile chupa ya chai akairudisha imejaa maji ya moto, kwa sababu dada alimwambia chai ya melini haina ladha. Zipu ya koti la dada ilipokatika alilipeleka kwa mwenzake wa kufulia, likarudi limeshonwa. Alituelekeza njia ya bure ya kupita msituni kwenye bandari ya Juneau, na akatuambia siku ya barafu tuwahi sitaha ya mbele saa kumi na mbili asubuhi, kabla watu hawajajaza nafasi. Siku moja alimwonyesha dada picha ya mtoto wake wa miezi saba aliyezaliwa yeye akiwa baharini. Hajamshika bado, alisema. Dada alimwombea mtoto yule dua ndefu palepale, na kijana akaitikia kwa kichwa kilichoinama.

Kila aliponiita mama mdogo, mimi nilikuwa na kitu cha kutafuta ndani ya mkoba.

Siku ya barafu tukawahi kama alivyotuambia. Baridi ilikuwa ya kuuma meno. Dada alishika ukingo wa chuma kwa mikono miwili, na mbele yetu likasimama lile genge la barafu, refu kupita meli, la buluu ambayo sikujua kama barafu inaweza kuwa nayo. Kipande kikameguka, kikaenda chini polepole, na kishindo kikatufikia baadaye. Dada akatikisa kichwa, machozi yanamtoka, akasema, "Bibi hakunidanganya."

Hakuna siku niliyompenda dada yangu kama siku ile, na sikuweza kufurahi naye. Akajifuta uso kwa mtandio, akaanza kumtaja kijana. Alisema bila yeye tungekuwa tumekaa nyuma huko tunatazama migongo ya watu. Kisha akaniuliza, "Una hakika ya kwake imo kwenye nauli?"

"Nina hakika," nikasema.

Jioni ya mwisho, dada akiwa chumba cha chakula, nilikwenda kupanga foleni mapokezi ili bakshishi niliyoifuta irudishwe kwenye hesabu yetu. Mbele yangu walikuwa watu wanne. Nikafikiria ada ya mwanangu. Nikafikiria matairi ya gari yaliyokuwa yamelika, na safari ya kutoka DeSoto hadi Carrollton kila siku. Ningependa kuandika kwamba sikuwa na pesa. Nilikuwa nayo. Alipobaki mtu mmoja mbele yangu nikatoka kwenye foleni, kama mtu aliyekumbuka kitu. Nikarudi chumbani, nikatia noti mbili za dola ishirini kwenye bahasha ya meli. Nikakaa kitandani nikiitazama. Kisha nikaifungua, nikatoa noti moja, nikairudisha mkobani.

Asubuhi ya kushuka kijana alikuja kutuaga. Dada alimshika mikono yote miwili, akamshukuru, akamwambia amsalimie mama yake mzazi Likoni. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayetaka mambo yawe safi, "Mwanangu, ningekupa kitu mkononi, lakini huyu mdogo wangu ameniambia yenu tumeshalipa pamoja na nauli. Ni kweli?"

Sikuweza kumtazama. Nilitazama taulo zilizokuwa begani kwake.

"Ni kweli, mama," akasema. "Mama mdogo ameshalipa. Ahsanteni sana."

Dada akatangulia kuelekea lifti, anachechemea, ameridhika. Nikampa kijana bahasha. Aliipokea kwa mikono miwili, hakuifungua. Akasema kwa sauti ya chini, bila hasira yoyote, "Sisi huletewa orodha siku ya pili, mama mdogo. Usijali. Mama amefurahi safari yake." Kisha akanibebea begi hadi mlango wa lifti.

Siku ya pili. Maana yake ni kwamba asubuhi ile alipotuamkia mlangoni, au muda mfupi baadaye, jina langu alikuwa nalo kati ya waliofuta bakshishi. Maji ya moto yote yale, zipu ile, sitaha ile, alivifanya akijua.

Mwezi wa sita dada aliwaalika watu kwake Stafford. Niliendesha gari kwa muda wa saa nne kutoka DeSoto, na nilipofika nyumba ilikuwa imejaa: wenzake wa kazini, wauguzi wawili wa Kenya, na jirani zake Wakongomani, mume na mke, waliokuja na samaki wa kukaanga. Watoto walikuwa sakafuni na simu zao. Mmoja akauliza kwa Kiingereza kama tuliona dubu. Dada alisimulia safari yote tangu uwanja wa ndege. Alipofika kwa kijana wa Likoni akanyoosha mkono kunielekeza mimi. Akasema watu wengi wakibana matumizi huwabana wanyonge kwanza, lakini mdogo wake alibana kila kitu na haki ya wafanyakazi hakuigusa. Muuguzi mmoja akasema hongera, dada. Wengine wakaitikia.

Niliinuka nikaenda jikoni, nikafungulia maji kwenye sinki na kuanza kusugua sufuria ya pilau. Haikupita muda dada akaja kutafuta vikombe, na nikamwambia hapohapo, nikiwa nimempa mgongo. Nilimwambia habari ya karatasi, ya foleni na ya noti niliyoitoa. Maji yalikuwa yanamwagika, akaja akayafunga.

"Alijua?" akauliza.

"Alijua. Tangu siku ya pili."

Kutoka sebuleni ilisikika sauti ya yule Mkongomani akicheka. Dada akasema, "Tulipofika Houston mimi na wewe tulisafisha vyumba vya moteli miezi minane. Ulikuwa unalia ukikuta kitanda kitupu, mgeni hakuacha hata dola." Hakuipandisha sauti. Akapanga vikombe kwenye sinia, akahesabu kama vinatosha wageni, akatoka nalo. Niliisikia sauti yake kule ikiwauliza watu nani anakunywa bila sukari. Tangu siku hiyo sijamsikia akisimulia safari ile mbele ya watu.

Namba ya kijana dada alikuwa nayo, kwa sababu walibadilishana siku alipomwonyesha picha ya mtoto. Nilimwomba. Akanitumia bila kuandika neno jingine. Nikaandika ujumbe mrefu wa kuomba radhi, nikaeleza habari za ada na za matairi. Nilipousoma nikaona nilikuwa najitetea, nikaufuta. Nikatuma pesa, zile ambazo zingekatwa tangu mwanzo na za juu kidogo, kwa mkewe Likoni, na kwake nikaandika mistari miwili tu: nilikukosea, na nisamehe. Alijibu baada ya siku tatu, meli ilipopata mtandao. Alisema zimefika, mkewe anashukuru, na nimsalimie mama.

Sikujua kama neno lile lilikuwa msamaha au adabu. Sijui hata sasa.

Yeye na dada bado wanazungumza. Mkataba wake ulipokwisha alirudi nyumbani miezi miwili, na dada akaletewa picha ya mtoto akisimama kwa kushika kiti. Jumapili dada hunipigia kama zamani, tunaongea habari za magoti yake na za mwanangu. Kabla hajakata simu wakati mwingine husema, "Yule kijana anakusalimia." Husema haraka haraka, kisha anaingia kwenye jambo jingine. Mimi humjibu kwamba nami namsalimia. Sijawahi kumuuliza kama kweli alinitaja.