Harusi ya Mwisho Kwenye Eksteno

Dada yangu alikuwa anapiga video za harusi, upande wa wanawake. Kwetu Tanga mwanamume haingii ukumbi ule, maana wamevua mabuibui, wamejipamba, wanacheza watakavyo. Yeye walimwamini. Kazi zake zote zilikuwa kwenye eksteno moja nyeusi, ile diski ya kuchomeka kwenye kompyuta, na kuzihamisha ilikuwa shughuli, kwa kuwa waya wake ulikuwa wa kizamani, unajikokota. Tukisubiri, alikaa nami barazani kwetu, mtaa wa Mabawa, akinisimulia nani kakanyaga gauni la bi harusi na nani kagombania biriani.

"Waya gani huu, konokono ana nafuu!" nililalamika. Nikaagiza Dar waya mbili za kasi, ziwe zawadi yake. Zilifika siku ya tatu baada ya kumzika.

Arobaini ilipopita, mama alisema zile video ni amana: kila mwenye harusi apewe yake, kisha zifutwe. Nikamwahidi. Wenyewe wakaja na eksteno zao. Nikachomeka waya mpya, mmoja kwenye eksteno ya dada, mmoja kwenye yao. Niliona majina ya mafaili tu, video sikufungua hata moja. Harusi ya siku tatu ilihama kabla chai haijapoa. Nafuta, aje mwingine. Nilizichukia waya zile. Kila nilipofuta nilijua nafuta na sauti ya dada yangu, aliyekuwa akiwaelekeza watu nyuma ya kamera. Mimi sikuwa nayo popote. Tuliishi nyumba moja, tungetumiana sauti za nini?

Ikabaki harusi moja, ya mama mmoja wa mtaa wa Nguvumali aliyemwoza bintiye wa pekee.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Poleni na msiba."

Nikamwomba niicheze video yake nisikie sauti ya dada tu, kioo cha kompyuta nitakifunika. Akavua kanga yake ya juu akakifunika mwenyewe, akahakikisha pembe zote.

Nikachomoa waya wa kasi, nikautafuta ule wa zamani kwenye droo. Kompyuta ikaandika kwamba kuhamisha kutachukua saa mbili na nusu.

"Utachelewa, mama."

"Nitangoja."

Vigelegele vikatoka chini ya kanga, kisha sauti ya dada yangu, imekauka kwa kupiga kelele: "Mama wa bi harusi, usilie bwana! Utaniharibia video."

Yule mama akajishika mdomo. Kamera ikasikika ikiwekwa chini, na dada yangu akawa anasema kitu kwa mbali, taratibu. Niliinamisha sikio mpaka likagusa kanga. Sikuambulia neno.

"Alikuwa ananifuta machozi," yule mama akasema.

"Alikwambia nini?"

"Alisema wewe ukioa, hatashika kamera. Atakaa mbele kabisa, alie mpaka achoke."

Nikalia, na yeye akalia. Saa mbili na nusu zilipotimia, nilichomoa eksteno yake nikamkabidhi. Kisha nikafuta, kwa kuwa nilikuwa nimeahidi.