Kadi ya Dokta Valerie

Asubuhi yake ya kwanza kazini, mwaka 2011, mlinzi wa geti hakumwuliza Dokta Valerie jina. Alimwambia kwa Kiswahili, "Dada, wasafishaji ni mlango wa nyuma." Mlinzi mwenyewe alikuwa Benard, Mkenya, mweusi kunishinda mimi. Dokta Valerie ni Mmarekani mweusi, Kiswahili hajui hata cha kuombea maji, lakini kidole cha Benard alikielewa. Akatoa kadi: mkemia. Benard akaisoma kama mtihani.

Mimi nilikuwa dereva wa maabara hiyo ya kupima maji, huku Uarabuni, mtaa wa viwanda uitwao Industrial Area. Diploma yangu ya kemia iliishia katikati, ila inatosha kujua nani anafanya kazi na nani anavaa koti jeupe tu. Mwaka mzima Valerie alihangaika na njia mpya ya kupima madini ya risasi kwenye maji ya bomba. Ilipokubali, wateja wakubwa wakaalikwa. Meneja akaamua itaelezwa na Shaun, kijana mzungu wa Uingereza aliyefundishwa njia hiyo na Valerie huyohuyo. Eti wageni watamwamini upesi.

Jioni hiyo nikamrudisha Valerie nyumbani, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud. Karibu na kwake akasema hata kwao Alabama walimfanyia hivyo, ila wale walikuwa wakitabasamu.

"Hili nikilinyamazia, Laban, nitanyamaza mpaka nizeeke."

Siku ya wageni nilipewa birika la kahawa. Huku mgeni akitosheka hutikisa kikombe, asipotikisa, unaongeza. Mzee mmoja hakutikisa. Akamnyooshea kikombe Valerie, aliyekuwa amesimama karibu na mlango. Nikakimbilia na birika. Valerie akanizuia kwa mkono, akakipokea, akatembea nacho mpaka mbele, akakiweka mezani kwa Shaun.

"Kahawa ni ya Laban," akasema. "Maji ni yangu."

Akaeleza kila kitu. Shaun akakaa bila kuambiwa, nadhani kwa shukrani. Meneja alitabasamu kama aliyeng'olewa jino.

Baada ya miaka miwili wakampa uongozi wa maabara, maana wateja walimtaka yeye. Kwanza akafungisha mlango wa nyuma. Wasafishaji na wakubwa wote wakapita mbele. Meneja hakula naye tena chakula cha mchana. Benard akawa anampigia saluti.

Lakini kila asubuhi, kabla sijasimamisha gari getini, kadi ilikuwa tayari juu, mkononi mwa Dokta. Siku moja nikamwambia, Dokta, Benard anakujua, iweke mfukoni.

"Najua," akasema. Mkono haukushuka.