Mke Wangu Anataka Kusikia Fataki

Admin, nifichie jina. Mimi ni mzee wa miaka tisini na mmoja, mwalimu mstaafu, naishi Nyamisangura hapa Tarime. Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja kwenye simu aliyoniachia mjukuu, kwa hiyo atakayesema huyu mzee ni wa kubuni, kwanza anitafutie kosa la herufi. Nina mke mmoja tu, nimwite Bhoke. Mtoto wetu mkubwa nimwite Marwa, naye ana miaka sabini. Nasema wetu, lakini kwa damu ni mtoto wa marehemu kaka yangu, na hapo ndipo penye kidonda.

Jumapili iliyopita Marwa alikuja na habari anazoziona njema. Ametulipia mimi na mama yake hoteli moja kubwa kule Serengeti: chakula cha jioni, halafu kukaa kutazama fataki za mwaka mpya, vyote kwenye kifurushi kimoja. Wajukuu wakapiga makofi. Mimi kijiko kilinidondoka. Sijatazama fataki tangu miaka ya hamsini, na zile nilizotazama zinanitosha mpaka kaburini.

Wakati huo nilikuwa kijana wa miaka ishirini na moja, nafundisha shule ya misheni upande wa Nyarero. Mlimani juu ya kwetu Mzungu mmoja alikuwa na nyumba ya wageni, walikofikia wawindaji. Siku moja akaandaa karamu: supu, nyama ya kuoka, kisha kitu kitamu cha mwisho pamoja na fataki. Mwafrika aliyealikwa kwa kadi nilikuwa peke yangu, kwa sababu ya Kiingereza changu. Niliazima koti. Kaka ndiye aliyenifunga tai huku akinicheka, "Mura, utuletee mfupa wa Kizungu." Bhoke, mke wake, alikuwa amesimama mlangoni na Marwa mgongoni, hata jino hana.

Fataki zilipoanza, karibu kijiji kizima kilikuwa kimejazana getini, upande wa pili wa nyumba, kinapiga kelele kila moja ilipopasuka. Mimi nilikaa barazani, upande unaotazama bondeni kwetu. Fataki zile hazikuwa za mfululizo. Moja ikilia, kunakuwa kimya kidogo mpaka wawashe nyingine. Katika kile kimya nikasikia yowe. Wakurya wenzangu mnalijua yowe la ng'ombe, la kuita watu wezi wa mifugo wakivamia, halifanani na kigelegele wala na kilio cha msiba. Likipigwa unaacha tonge, unachukua silaha, unakimbia, huulizi ni kwa nani. Na sauti niliijua. Ilikuwa ya Bhoke.

Mzungu niliyeketi naye alikuwa na bunduki kwenye gari, na uani kulikuwa na magari manne. Akaniuliza, "Mwalimu, kuna nini kule chini?" Dakika chache kabla alikuwa amesema watu wa huku wanaogopa fataki kama mbuzi, meza nzima ikacheka, na mimi nikacheka nao. Sasa nikaona nikiinuka kukimbia na koti la kuazima watanicheka mimi. Sahani ya kitamu ndiyo kwanza imewekwa mbele yangu. Nikajibu, "Wanafurahia fataki, bwana." Akainua glasi yake. Yowe likaja mara ya pili, likaja mara ya tatu, halikuja tena. Ile sahani niliila nikaimaliza.

Kaka alikutwa amelala kwenye lango la zizi na mishale miwili kifuani. Alikuwa amewazuia wezi peke yake. Kesho yake wazee wakamtaka kila mwanamume aeleze alikuwa wapi, maana kwetu asiyeitikia yowe hutengwa. Wale wa getini walisema kelele zilikuwa nyingi, na kwao ilikuwa kweli. Mimi nikasema vilevile, na nani angemshuku mwalimu? Baada ya matanga baba akaniambia, "Nyumba ya kaka yako isizimike." Nikamrithi Bhoke kwa mila, yeye na mtoto wake mgongoni.

Amenizalia watano. Amenipikia, ameniuguza, hajawahi kunilaumu. Mara moja tu, Marwa alipoanza shule, aliniuliza huku anapepeta mtama, "Nilipiga mara tatu. Hukusikia hata moja?" Nikamwambia, "Mama Marwa, fataki hazina nafasi. Zinalia mfululizo, hata aliye pembeni yako humsikii." Akasema sawa, akaendelea kupepeta. Tangu siku hiyo amewaeleza watoto hivyohivyo, na waliotaka kuniteta kijijini aliwanyamazisha kwa maneno hayo hayo. Mimi sina raha. Nikisinzia mchana kwenye kiti nasikia yowe, nikishtuka namkuta yeye ananifunika shuka. Najichukia, nasema wazi.

Jumapili ile wajukuu walipoondoka nilimwambia, "Safari ni ndefu, magoti yako hayafai, tumwambie Marwa hapana." Nilidhani atakubali, maana hapendi kulala nje ya nyumba yake. Akanitazama, akasema taratibu, "Mzee, nitakwenda hata kwa kubebwa. Miaka yote hii nimezitetea hizo fataki na sijawahi kuzisikia kwa karibu. Nataka nikae pale nisikie, moyo wangu utulie kwamba kweli usingeweza kunisikia."

Tangu hapo ameshatoa kitenge chake kipya sandukuni, amekipiga pasi mara mbili. Macho yake yamefifia, lakini masikio ni mazima kabisa, kuku akitaga nyuma ya nyumba ni yeye wa kwanza kujua. Zimebaki siku tisa. Nishaurini, wanangu, nifanye nini? Nimwambie mwenyewe kabla hatujaondoka, au nikae naye pale mezani, fataki ya kwanza ilie, halafu asikie kile kimya?