Ziwa la Baba, Hombolo

Juzi niliona bango la viwanja vya Hombolo: "Ishi kando ya ziwa." Nikasonya. Baba, alipopunguzwa kiwandani, alitutoa Mwanza kwa treni hadi huko kwa maneno hayohayo, nami nikatarajia mawimbi. Tulikuta bwawa la tope lenye harufu ya mavi ya ng'ombe.

Mama alichota maji ya bwawa, akapika chai. Ikawa chumvi tupu. Jirani yetu Mgogo akaangua kicheko.

"We mama, hayo ya ng'ombe! Sie ya kunywa tunafukua mchangani kule korongoni."

"Baba Juma, turudi kwetu," mama alisema.

Baba akamaliza kikombe. "Mbona tamu!"

Nilimwamini, nikadhani ulimi wangu ndio mbovu. Siku mimi na mama tulipomwacha baba na kurudi Mwanza moja kwa moja, alisimama kando ya lori lililotubeba, akimsifia dereva ziwa.