Gari la Sindano na Ngozi Iliyotoboka

Juzi nilikuwa Nachingwea, nikamwona kijana akichomeka kompyuta kwenye gari na kuutaja ugonjwa wake hata boneti hajafungua. Nilicheka peke yangu, mwenye gari akanitazama vibaya. Ungekuwepo nyumbani kwetu miaka ile ya themanini, nawe ungecheka.

Baba alikuwa mwalimu, na gari lake dogo alilinunua kwa mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Halikuwa na kabureta ya kuchanganyia mafuta na hewa. Mafuta yalipulizwa ndani ya injini kupitia vijitundu, kama dawa inavyopigwa kwa sindano, ndiyo maana mtaa mzima tuliliita gari la sindano. Basi siku ya kumpeleka dada yangu kwa mumewe Ruangwa, likaanza visa. Likisimama linanguruma vizuri, ukikanyaga mafuta tu linasita, linakohoa, linataka kuzima. Mlima hata mmoja lisingepanda! Lisipopona kabla ya alasiri, bibi harusi angepakiwa kwenye lori la korosho.

"Siendi kwa mume juu ya magunia mie!" dada akasema, hina bado mbichi mikononi. Pilau inanukia, ngoma zinalia, na mimi roho juu juu.

Fundi wetu, bingwa wa malori, alimaliza saa nzima akitafuta kabureta aisafishe. Alipoambiwa haipo, akaagiza iletwe sindano kutoka zahanati azibulie vile vijitundu. Baba akang'aka kwamba gari lake halina homa.

Bibi yetu alikuwa akipita na ungo wa mchele. Lugha yake ilikuwa Kimwera, Kiswahili alikiokoteza sokoni.

"Hiyo ngozi yake imetoboka," akasema. "Inavuta upepo."

Watu wakaangua kicheko. Gari na ngozi wapi na wapi? Lakini bibi alikuwa mjane wa mhunzi, amevukuta mivukuto ya mumewe, ile mifuko ya ngozi ya kupulizia moto, miaka mingi, na ngozi ikipasuka aliitambua kwa mlio tu. Akamwamuru baba akanyage tena. "Haya, sikieni: fyuuu!"

Fundi akapitisha mkono chini ya bomba la mpira linaloingiza hewa kwenye injini. Ufa huo hapo! Ulijificha upande wa chini, na injini ikitikisika unafunguka. Akauzungushia utepe wa tyubu ya baiskeli, akaukaza kwa mikono na meno. Baba akakanyaga. Vuuum! Halikusita hata kidogo. Vigelegele vikapasua anga, fundi akampigia bibi saluti, dada akapanda, nami nikalifuata gari mbio kwa miguu hadi njia ya Ruangwa, nikishangilia mpaka sauti ikakauka.

Siku hizi baba hayupo, bibi hayupo, na mivukuto ile sijui ilitupwa wapi. Vyote hivyo navikumbuka kwa furaha. Kinachoniuma ni asubuhi iliyofuata, nilipotoka na chanuo mkononi nikamwita dada anisuke. Nilikuwa nimelishangilia gari, nikasahau kumuaga.