Wananiita Mama Daktari, na binti yangu hana chuo

Admin, naomba unifichie jina na kijiji. Ukitaja hata msikiti wetu tu watanijua.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na nne, mjane, mkulima wa kabichi na karoti huku milimani Lushoto. Nina mtoto mmoja tu, wa kike, ana miaka kumi na tisa na amemaliza kidato cha sita mwaka huu. Tangu yuko shule ya msingi anasema atakuwa daktari, na huku kwetu ukirudiarudia jambo watu wanakubandika nalo. Yeye akaitwa Daktari, mimi nikaitwa Mama Daktari. Jina langu la kuzaliwa nalisikia kwa ndugu zangu tu. Sitawadanganya, nililipenda hilo jipya.

Matokeo yalipotoka alipata divisheni wani ya mwisho mwisho kabisa, pointi tisa. Kijijini ikafika divisheni wani tu, zile pointi zikabaki njiani. Baba yake mkubwa akachinja mbuzi, dua ikasomwa, na koti jeupe akamletea kutoka Tanga. Mimi na binti tukateremka mjini kwa kijana wa steshenari anayewaombea watoto vyuo kwenye kompyuta. Yule kijana hakutuficha. Alisema, "Mdogo wangu, fizikia una D. Udaktari omba, lakini weka na uuguzi, weka na maabara, usije ukakosa vyote." Binti akatikisa kichwa. Kijana akanigeukia mimi mzazi, nami nikamwambia aandike udaktari kote. Mtoto alisoma kwa shida, nilitaka apate anachokitaka.

Awamu ya kwanza hakuchaguliwa. Ya pili hakuchaguliwa. Tulipoambiwa kuna nafasi zimebaki, za udaktari hazikuwemo. Wenzake wakaondoka, yeye akapanda kitandani akageukia ukutani. Uji nampelekea unarudi umeganda. Wakiniuliza sokoni Daktari anaondoka lini, nawajibu chuo chao kimechelewa kufunguliwa. Niseme nini jamani, mbuzi walishamla.

Basi siku moja mzee jirani akaja na mguu umevimba, anamtaka Daktari. Nilikuwa nataka kumwambia hajisikii vizuri, mara binti akatoka mwenyewe chumbani. Kavaa lile koti. Akamwamkia shikamoo, akambonyezabonyeza mguu, akamtajia dawa ya kununua. Kwa bahati mbaya mzee akapona. Ndiyo, nasema bahati mbaya. Angebaki na mguu wake vilevile, yasingetufika haya.

Kuanzia hapo wanakuja. Watoto wenye kikohozi, kina mama wenye migongo, mpaka wa kijiji cha ng'ambo. Binti anawaambia mwaka huu wametakiwa waanze kwa mazoezi vijijini, ndipo waende chuoni. Anadanganya bila hata kupepesa. Lakini anakula. Anaoga, anacheka, anaimba akiosha vyombo. Nilikuwa nimeshamkosa yule mtoto, akanirudia, na mimi mama yake nikawa nawatolea wagonjwa viti. Nikajipa moyo kwamba anatoa dawa za maumivu tu, ambazo hata muuza duka anazitoa.

Sasa kuna jirani, nimwite Mama Shafii. Mkwe wake ni mjamzito, siku zake zimekaribia. Uzazi wa kwanza alipasuliwa, na nesi wa zahanati amemkataza kabisa kuzalia nyumbani. Wiki iliyopita Mama Shafii amekaa hapa kwangu, namsikia anamwambia binti yangu, "Mwanangu, huko hospitali watampasua tena, halafu mvua hizi bodaboda zinateleza. Wewe si upo?" Binti yangu akajibu, "Nipo, mama. Uchungu ukianza niiteni."

Alipotoka yule mama nilimfuata binti chumbani. Nikamwambia, "Wewe hujui kuzalisha. Utaua mtu." Hakunijibu kwa hasira, na hilo ndilo linanitisha. Alisema, "Nimesoma biolojia, mama, na video nimeangalia. Huko kote nimekataliwa. Hawa hawajanikataa." Nikasema basi nitawaambia ukweli mimi mwenyewe. Akakaa kitandani, akageukia ukutani vilevile kama zile siku. Nikaogopa, nikamwambia yaishe.

Nilijaribu kwa Mama Shafii kwa kuzunguka. Nikamwambia huyu bado ni mwanafunzi, mpelekeni mkwe hospitali mapema akasubirie huko. Akacheka, "Mama Daktari, wewe mwanao humwamini? Sisi tunamwamini." Yule mkwe mwenyewe alikuwa pembeni anamenya viazi. Aliniangalia muda mrefu, nafikiri alikuwa anataka niendelee. Sikuendelea.

Nikienda kwa nesi, habari itafika serikalini, mwanangu ashtakiwe kwa kutibu watu bila cheti. Nikiwaambia majirani, wale aliowatibu watatugeuka, na baba yake mkubwa hatakanyaga tena kwangu. Hayo ningeyavumilia. Nisichokiweza ni kumrudisha mtoto kwenye ule ukuta, maana safari hii sidhani kama atageuka tena. Na yule mkwe naye ana mama yake mahali, anamsubiri ajifungue salama.

Leo asubuhi Mama Shafii ameleta mfuko. Ndani kuna kanga mbili, pamba, glovu, wembe mpya na karatasi ya nailoni ya kulalia. Kasema vikae kwetu, uchungu ukianza wasihangaike kutafuta. Binti yangu amevipanga juu ya meza yake ya kusomea, amevifunika kitambaa safi, na sasa hivi namsikia anaimba.

Wenzangu mliozaa, niokoe yupi?