Walisema Tusifungue Injini, Mume Wangu Akaipeleka kwa Fundi wa Kompyuta

Admin, niwekee hii, ila jina langu libaki kwako. Mimi ni mama wa miaka thelathini na tisa, naishi Butembo, nina watoto wanne na mume ambaye bado nampenda. Nalisema mapema maana najua mtakavyomshambulia huko kwenye maoni. Kanisani kwetu mimi ni shemasi. Nimechoka, ndugu zangu. Nilikuwa nimechoka na vita, sasa nimechoka na gari pia.

Sisi tunanunua kakao mbele ya Oicha na kuileta Butembo. Miaka yote tulitumia magari yaliyochoka, yanazima popote yanapojisikia. Mwisho tukauza shamba letu la Masereka, tukanunua pikapu mpya kabisa, viti bado vina nailoni. Aliyetuuzia ni mzee tunayesali naye, tunamwita Directeur, mkubwa wa duka la magari. Siku ya kutupa ufunguo alitueleza habari ya garanti: injini ikiharibika yenyewe, wao wanatengeneza bure.

"Mais moteri, hapana mutu wa kuifungua," akasema. "Mukifungua, garanti imekufa."

Tukaitikia wote wawili.

Kwa msioijua ile barabara: mbele ya Oicha magari yanakwenda kwa msafara, na wanajeshi, kwa sababu ya waasi walio porini. Msafara haumsubiri mtu. Na pikapu yetu, mpya vile ilivyokuwa, ikijaa magunia ilipanda mlima kwa adabu mno. Siku moja ikaachwa nyuma, na risasi zikaanza kulia. Gari lililokuwa nyuma ya mume wangu lilichomwa moto. Alifika nyumbani, akaketi, akakataa chakula.

"Mama Muhindo," akaniambia, "ile gari iko muzuri, mais haina mbio. Siku ingine batanikamata."

Wiki hiyo hiyo tukaenda Beni kwa fundi anayeongezea magari nguvu. Nilikuwepo. Yule fundi hakushika spana, hata boneti hakuinua. Alichomeka waya chini ya usukani, akaunganisha na kompyuta yake, akabadilisha amri ambazo kiwanda kiliipa injini. Sisi tukanywa soda, kazi ikaisha. Njiani nikamuuliza mume wangu, na garanti je? Akacheka.

"Garanti inakufa ukifungua. Weye umeona mutu amefungua kitu? Hata bulon moya hapana kutoka."

Nami niliona ana haki, sitaki kumwachia kosa peke yake. Kwetu kufungua injini ni kuishusha chini na kuitandaza vipande vipande juu ya gunia, mafundi wamejaa oili mpaka kwenye viwiko. Nani angejua kwamba waya nao unafungua?

Na gari lilikimbia, nisiwadanganye. Kwenye msafara mume wangu alikuwa anakaa karibu kabisa na wanajeshi, na mimi nilikuwa napata usingizi.

Halafu likaanza kupiga mluzi na kutoa moshi mweusi, nguvu zikaisha hapa hapa mjini. Tukalivuta kwa Directeur. Akauliza kama tuliifungua injini, mume wangu akajibu hapana, na naamini moyoni mwake haikuwa uongo. Fundi wao akachomeka waya wake, akatikisa kichwa. Akasema injini imekuwa ikisukumwa kuliko kiwanda kilivyopanga, na turbo, ile inayoisukumia injini hewa, imekufa kwa kazi hiyo. Hapo sasa mume wangu alielewa vizuri kabisa anaulizwa nini, na bado akajibu, "Miye sijue kitu. Pengine ilitoka vile ku kiwanda."

Directeur hakugombana naye. Ingekuwa afadhali angegombana.

"Kama ilitoka vile, ni kosa ya kiwanda, na garanti inalipa," akasema. "Papa Muhindo, sikukatale. Mais Mama Muhindo aniambie yeye mwenyewe. Akisema hapana mutu aliigusa, tunatengeneza."

Wenzangu kanisani wangesema hiyo ni heshima. Mimi niliona nimefungwa kamba shingoni.

Nyumbani tukabishana mpaka sauti zikakauka. Nilimwambia siwezi kusema hapana wakati nilikuwa pale nakunywa soda. Akasema basi, niseme kweli, yeye atabeba kakao kwa pikipiki. Nikamwambia, hata wakitengeneza, watairudisha vile ilivyotoka kiwandani, itakuwa tena ya kuachwa nyuma, utafanya nini?

"Nitarudi Beni kwa ule fundi."

"Donc ikufe tena, na miye niende tena kuapa?"

Akasema polepole, bila hasira, "Ile garanti ni ya moteri. Ya kwangu miye iko wapi?"

Nikaenda kulala na watoto.

Nikisema kweli, gari linabaki kwa Directeur, turbo hatuwezi kuinunua, na baba wa watoto wangu anapita pori lile juu ya pikipiki. Nikisema uongo, gari linatoka, lakini mimi ninayesimama mbele ya watu kila Jumapili nimemdanganya mzee aliyeamini neno langu kuliko kompyuta yake. Msiniambie niombe. Naomba kila siku, magoti yamekufa ganzi.

Directeur amesema tuonane kesho baada ya ibada. Mume wangu hajawahi kushika pasi tangu anioe. Leo jioni nimemkuta ananinyooshea kitenge cha kuvaa kesho, ananyoosha kila kunjo, haniangalii.

Ninyi mnaoijua barabara ile, na ninyi mnaouza magari, nishaurini. Mzee akiniuliza kesho, nimjibu nini?